Choo cha Caleb

Nepi ilikuwa na mkojo tu. Victorine aliigeuza kwenye mwanga wa dirisha, akaikunja, akaitia kwenye ndoo pamoja na zile za jana na juzi, ambazo nazo zilikuwa na mkojo tu. Caleb, mwanawe wa miezi minne, alilala chali juu ya kitenge akipiga mateke hewani. Alikuwa amenyonya vizuri. Hakuwa na homa, wala hakutapika. Tumbo lake lilikuwa limejaa zaidi kidogo kuliko kawaida, au labda mama yake ndiye aliyeanza kuliangalia kuliko kawaida. Victorine hakuweza kusema ni lipi kati ya hayo mawili.

Kazi yake, katika maabara moja mjini Lubumbashi, ilikuwa kuhesabu bakteria ndani ya kinyesi cha watoto wachanga. Watu walipomuuliza anafanya nini, aliwajibu hivyo hivyo, na kwa kawaida mazungumzo yaliishia hapo. Wachache waliotaka kujua zaidi aliwaeleza kwamba maziwa ya mama yana sukari za aina ambayo mtoto mwenyewe hawezi kuisaga. Zinapita tumboni na kufika kwenye utumbo mpana zikiwa nzima, kama zilivyotoka kwenye titi. Hilo si kosa la maumbile. Huko zinangojewa na bakteria waitwao bifidobakteria, ambao huzila na kutoa asidi, na asidi hiyo huwafanya vijidudu wengi wa maradhi washindwe kukaa. Mama anayenyonyesha hulisha wawili: mtoto, na wapangaji wa mtoto.

Alijua pia, na aliwaambia akina mama kila wiki, kwamba mtoto anayenyonya tu anaweza kukaa siku nyingi bila kwenda choo na asiwe na ugonjwa wowote, kwa sababu maziwa hayaachi mabaki mengi. Lakini watoto hao hupunguza polepole. Caleb alikuwa akienda kila siku, asubuhi, kama karani anayewahi ofisini. Halafu ghafla, kimya. Na ukimya huo ulikuwa umefika karibu wiki.

Ulianza Jumapili ile ambayo mama mkwe wake, Madeleine, alipanda lori kwenda Kasenga kwenye kilio cha kaka yake. Victorine alikuwa ameliona hilo. Hakulipa uzito. Mambo mawili kutokea pamoja si ushahidi wa lolote. Alikuwa amefundishwa hivyo, na aliwafundisha wengine hivyo.

Madeleine alikuwa mjane wa mfanyakazi wa reli, Mkatoliki wa kutoka Kongolo, mama wa watoto saba. Alikuja Lubumbashi ili Victorine arudi kazini, maana Gauthier, mwanawe na mume wa Victorine, alikuwa akiendesha malori ya madini huko Kolwezi na kurudi nyumbani mara chache. Siku ya kwanza Victorine alimketisha na kumwambia masharti kwa sauti ya upole, kama mtu anayesoma maelekezo ya maabara: asimpe mtoto maji, wala uji, wala dawa ya majani, wala ya duka. Kitu chochote kisipite kinywani mwa Caleb isipokuwa maziwa yaliyokamuliwa na kuwekwa kwenye friji.

"Minasikia, mama Caleb," Madeleine alijibu. "Kwa kinywa, paka maziba." Maziwa tu, basi.

Na alitimiza. Victorine alipima chupa zilizobaki kila jioni, na hesabu haikuwahi kupotea.

Kulikuwa na jambo jingine dogo. Ili kujaribu mbinu zake kabla ya kuzitumia kwa watoto wa utafiti, Victorine alikuwa akipeleka kinyesi cha Caleb maabara. Mtoto huyu, anayenyonya maziwa ya mama tu, mwana wa mwanabiolojia, alitoa bifidobakteria wachache mno. Karatasi ya kupimia asidi, ambayo kwa watoto wa aina yake ingepaswa kugeuka rangi ya machungwa, ilibaki ya kijani. Victorine alilaumu umeme. Ulikatika kila siku, na kabati la joto la kuoteshea bakteria lilipoa kila siku. Alirudia kipimo mara nyingi hadi akachoka kukirudia.

Sasa alimfunga Caleb mgongoni, akafunga mlango, akaenda hospitali. Ilikuwa Septemba, mvua bado, na vumbi jekundu lilikuwa limekaa juu ya kila kitu, hata juu ya ndimi za watu.

*

Daktari Kasonde alikuwa kijana mwenye macho ya mtu aliyelala juzi. Alimbonyeza Caleb tumboni, akasikiliza, akabonyeza tena.

"Alikuwa anaenda kila siku?"

"Kila siku."

"Bila kusaidiwa?"

"Bila kusaidiwa."

"Na sasa amesimama kabisa." Daktari alivua kipimo chake masikioni. "Maman, ungeniambia alianza kupunguza kidogo kidogo, ningekurudisha nyumbani. Lakini kusimama ghafla, na hili tumbo... Kuna watoto ambao sehemu ya utumbo wao haina mishipa ya fahamu. Kuna utumbo unaojisokota. Siwezi kulala nikiwa nimekuacha uende."

"Utafanya nini?"

"Nitamkatia maziwa kwanza. Atapata serumu, maji ya kupitia mshipani, na antibiotiki ya mshipa, maana kama utumbo umeziba, vijidudu vinaweza kupita kwenye damu. Picha tutapiga umeme ukirudi. Kesho asubuhi daktari wa upasuaji atamwona."

Victorine alitafuta kosa katika maneno hayo na hakulipata. Kwa habari alizopewa, daktari alikuwa sahihi. Antibiotiki ingewaua hata wapangaji wachache waliokuwemo, na ingechukua muda mrefu kuwarudisha, lakini hakuna anayelinda wapangaji nyumba ikiwa inaungua. Swali lilikuwa moja tu: inaungua au haiungui? Alisema ndiyo kwa kichwa.

Walipewa kitanda katika chumba cha watoto. Muuguzi alikwenda kutafuta sindano ndogo ya kutosha mshipa wa mtoto. Kitanda cha pili kilikuwa cha Yasmine, muuza vitenge wa soko la mtaa wa Kenya, hapo hapo mjini, mwana wa familia ya Maniema, ambaye binti yake mchanga alikuwa anapona malaria. Yasmine alikuwa amekaa pale siku za kutosha kujiona mwenye chumba.

"Dada, unamuangalia huyu mutoto sawa televizyon," alisema. "Ana nini?"

"Haendi ku choo."

"Njo hiyo tu?" Yasmine alicheka hadi binti yake akashtuka. "Na banakulaza hapa? Yesu Maria wenu! Ngoya."

Aliingiza mkono kwenye kikapu chake, chini ya thermos na chini ya sabuni, akatoa kitu kilichofungwa ndani ya kilemba. Alikifungua juu ya godoro. Kilikuwa kipira cha rangi ya machungwa, cha umbo la pea, chenye mdomo mwembamba mweusi. Kila mtu mjini anakiita poire.

"Ata ku opitali nakuyaka nayo," alisema. "Telefone, chargeur, poire. Unatiya maji ya moto kidogo, unamugeuza mutoto, unafinya. Kiisha unakimbia, juu itakufikia ku uso!"

"Unafanya mara ngapi?"

"Kila asubui, tangu alizaliwa. Mutoto asipooshwa tumbo ataoza mu ndani. Ata weye ulioshwa, ata docta alioshwa, muulize. Kwani mama mukwe yako hakuyue?"

Victorine alikuwa akikitazama kile kipira. Kulikuwa na kingine kama hicho nyumbani kwake, kikining'inia kwa uzi kwenye dirisha la bafu. Alikuwa amekiona mara ya kwanza wiki ileile Madeleine alipofika, na mara nyingine nyingi, wakati mwingine kikiwa bado na maji. Alidhani ni cha Madeleine mwenyewe, mtu mzima mwenye tumbo gumu. Na hakuuliza. Mkwe hamuulizi mkwe mambo ya chini ya kiuno. Angekata kidole kwanza. Alikuwa akigeuza uso kila alipoingia kuoga, kwa heshima.

Aliyapanga mambo mahali pake. Choo cha kila asubuhi, baada ya yeye kwenda kazini. Kimya tangu Jumapili ya safari. Bakteria wachache, asidi kidogo. Kila moja peke yake halikuwa ushahidi. Matatu kwa pamoja yalitosha kwa simu moja.

*

Alimpigia mume wake kwanza, kwa sababu ndivyo inavyotakiwa: swali la namna ile hupitia kwa mtoto wa yule anayeulizwa.

"Miye?" Gauthier alisema. Nyuma yake injini ilinguruma. "Miye nimuulize mama yangu habari ya matako? Ku kilio ya kaka yake? Victorine, unagonjwa?"

"Gauthier, batamukatia mutoto maziba."

"Nitamuulizia kesho. Nitatuma dada yangu mudogo, yeye anayua kusema muzuri na mama. Kesho asubui."

"Kesho asubui docta wa kupasula eko naye."

"Basi, niko naenda ku bascule kupima lori, nitakuita." Na simu ikakatika, kwa sababu ya mtandao au kwa sababu ya Gauthier.

Muuguzi alirudi na trei. Alikuwa mwanamke mnene, mpole, aliyefunga kamba ya mpira kwenye mkono wa Caleb bila haraka na kuanza kuupapasa akitafuta mshipa. Caleb alilia. Alikuwa na njaa; muda wake wa kunyonya ulikuwa umepita, na maziwa yalikuwa yameanza kulowesha blauzi ya Victorine.

Victorine alipiga namba ya Kasenga. Iliita kwa muda mrefu. Ilipopokelewa, kwanza alisikia nyimbo za kilio, sauti za wanawake wengi, kisha kikohozi.

"Yambo, mama."

"Yambo, mama Caleb. Mutoto eko?"

"Tuko ku opitali. Haendake ku choo tangu ulienda." Victorine aligeukia ukuta. "Mama, minaomba unisamehe ile minataka kuuliza. Ile poire ya ku dirisha ya douche. Ni ya nani?"

Nyimbo ziliendelea. Mtu fulani karibu na simu aliomba chumvi.

"Ni ya mutoto," Madeleine alisema.

"Ya kila siku?"

"Ya kila asubui. Ukitoka tu, ao siku ya kubaki, ukienda ku soko. Maji ya vuguvugu na majani ya mapera, kidogo." Kisha kwa kasi: "Ulikataza kinywa, mama Caleb. Kinywa miye sikugusa! Naapa mbele ya kaka yangu mwenye eko amelala hapa. Ulisema kinywa. Kule kwingine haukusema kintu."

Ilikuwa kweli. Victorine alikumbuka maneno yake mwenyewe, moja baada ya jingine, na hakukuta tundu lile limefungwa. Katika maabara angemrudishia mwanafunzi maelekezo ya namna hiyo na kumwambia aandike upya.

"Ni kweli, mama. Sikusema."

"Batoto saba niliosha vile. Gauthier njo ule, anaendesha malori."

"Hakuna mwenye anakusemea mubaya. Docta anafikiri tumbo ya mutoto inafungana. Anataka kumukatia maziba, kumutiya dawa ku mushipa. Akiyua habari ya poire, atafikiri ingine. Useme naye weye mwenyewe. Nikisema miye, atasema ni mama mwenye kuogopa."

"Niseme na mwanaume ile maneno? Hapa? Bantu banajaa mu kiwanja!"

"Ndiyo, mama."

Muuguzi alikuwa amepata mshipa. Alichukua pamba, akapaka spiriti. Victorine aliweka mkono wake wazi juu ya mkono wa Caleb, kati ya ngozi na sindano. "Ngoja kidogo, maman," alimwambia. "Nakuomba. Muite docta." Muuguzi alimtazama, akatazama simu, akaenda.

Daktari Kasonde alikuja na sura ya kuchoka zaidi. Victorine alimpa simu bila maelezo.

"Allô? Ndiyo, miye docta... Sikusikie, maman... Nini? ... Rudia, mtandao ni mubaya."

Kilichofuata kilisikika chumba kizima bila spika, na bila shaka kilisikika Kasenga nzima. Madeleine alikuwa akipiga kelele kama mtu anayeita mtumbwi kutoka ng'ambo ya mto Luapula.

"MINASEMA POIRE! NAMUTIYAKA POIRE! KILA ASUBUI! KU MATAKO!"

Nyimbo za kilio zilinyamaza.

Yasmine alijifunika uso kwa kilemba, mabega yakitetemeka. Daktari hakucheka. Aliuliza tangu lini, maji kiasi gani, na kama kuna siku hata moja iliyorukwa. Hakukuwa na siku iliyorukwa. "Aksanti, maman," alisema mwishoni. "Pole na kilio." Akamrudishia Victorine simu, akakaa kwenye ukingo wa kitanda, jambo ambalo madaktari hawafanyi.

"Kwa hiyo hatujui kama aliwahi kwenda mwenyewe," alisema.

"Tangu nirudi kazini, hatujui."

"Ni hadithi nyingine kabisa. Mtoto anayesukumwa kila siku hajifunzi kusukuma. Na hizo nepi tupu zinaweza kuwa ndiyo kawaida yake, ile ambayo hatujawahi kumwachia." Alimbonyeza Caleb tena. Tumbo lilikubali vidole. "Bado nataka picha. Lakini antibiotiki inaweza kungoja, na serumu pia. Mnyonyeshe. Akitapika, uniite hata kama nimelala."

Muuguzi alifungua kamba ya mpira. Victorine alifungua blauzi.

Umeme ulirudi kabla ya jua kuzama, na picha ilionyesha hewa mahali ambapo hewa inapaswa kuwa. Daktari aliishika juu dirishani, akaguna, akaenda zake.

Yasmine alimpa Victorine bukari, yaani ugali, na samaki kutoka kwenye sufuria yake, bila kuuliza kama anataka. Victorine alikula. Baadaye, kwa sababu alipenda mambo yawe kamili, alimweleza Yasmine habari za wapangaji: sukari zisizoliwa na mwingine isipokuwa wao, asidi wanayoitoa, na jinsi ambavyo maji ya kila asubuhi, na majani juu yake, huenda yanawafagia kabla hawajapanga vyombo.

"Huenda?" Yasmine aliuliza.

"Huenda. Sina uhakika. Mtoto mmoja hathibitishi kitu."

"Ukikuwa na uhakika utanipigia," Yasmine alisema, na akakifunga kipira chake ndani ya kilemba. Lakini asubuhi iliyofuata Victorine hakumwona akikitoa. Inawezekana alisahau.

*

Ilikuwa asubuhi hiyo hiyo, wafagiaji wakiwa koridoni, Caleb alipoacha kunyonya. Alikunja uso. Akawa mwekundu hadi masikioni, akakunja magoti, akaguna kama mzee anayeinua gunia. Victorine hakumgusa. Alikaa mikono mapajani na kumwacha afanye kazi yake. Ilikuwa kazi ndefu, na mtoto alipumzika katikati, akashangaa, akaanza tena.

Kisha ikawa. Ilikuwa nyingi, laini, ya njano, na ilipita nepi, ikapita kitenge, ikafika kwenye shuka la hospitali.

"Alléluia!" Yasmine, Mwislamu, alisema kutoka kitanda cha pili.

Victorine aliinama akanusa, kama anavyonusa kila siku kazini. Harufu ilikuwa ya maziwa yaliyochacha, kali kidogo. Ndani ya mkoba wake mlikuwa na karatasi za kupimia asidi, huwa hazikosi. Alichovya moja. Haikugeuka rangi ya machungwa, ila haikuwa kijani tena: ilisimama mahali fulani katikati, kwenye njano. Kilikuwa kipimo kimoja cha asubuhi moja, kilichofanywa kitandani, na mwenye akili hasemi lolote kwa kipimo kama hicho. Aliitupa karatasi. Alimsafisha mtoto, akambadilisha, akaketi, na kwa mara ya kwanza tangu Jumapili aliacha mgongo wake uegemee kitu.

Simu iliita kabla hajaipiga.

"Anafanya?" Madeleine aliuliza. Hakukuwa na nyimbo nyuma yake sasa, kuku tu.

"Anafanya, mama. Peke yake."

"Rangi?"

"Manjano."

"Harufu?"

"Sawa maziba ya kuchacha."

"Basi." Alisikika akimfukuza kuku. "Jana tulizika, kiisha batoto yake ba mbali kufika. Bantu bote banayua sasa habari yangu na docta. Bale bamama ba hapa bananiita Mama Poire. Ata padiri alicheka."

"Unisamehe, mama."

"Hapana. Kaka yangu alipendaka kucheka." Kuku mmoja alipiga kelele. Madeleine alipoendelea, sauti yake ilikuwa imeshuka. "Mama Caleb, miye nirudi, ao nibaki ku Kasenga? Useme tu. Mutoto ni wako."

Victorine alimtazama Caleb, aliyekuwa amelala kwa uchovu wa kazi yake. Alifikiria maabara, sampuli za wiki nzima zilizongoja ndani ya friji inayozimika, na chupa za maziwa. Alifikiria pia kwamba safari hii angeyasema masharti yote, tundu kwa tundu, na kwamba wote wawili wangeangalia sakafu wakati akiyasema.

"Rudi, mama. Jumatatu niko kazini."

"Na ile poire?"

"Iko ku dirisha."

"Usiitupe," Madeleine alisema. "Miye pia niko na tumbo."